NASAHA ZA NYUMBANI: Kuyasoma Macho ya Mwenzio

Mara nyingi twamsikia mke akilalamika kuwa mumewe hatambui huzuni yake mpaka aambiwe. Naye mume hujibu: "Wanaume ndivyo tulivyoumbwa." Mwezi huu twataka kuipima jawabu hiyo.

Mwilini mna tezi zitoazo homoni, ambazo damu huzichukua hata zikafika kwenye ubongo. Moja yao ni testosteroni. Wanaume wanayo nyingi kuliko wanawake, na mvulana humzidi anapobaleghe. Katika mwaka 2011 wataalamu wa Uholanzi na Uingereza walitangaza jaribio lao: wanawake vijana 16 walitiwa homoni hiyo kidogo chini ya ulimi, kisha wakaonyeshwa picha za macho tu, wataje mwenye macho hayo ana hali gani moyoni. Kwa jumla walikosea zaidi kuliko siku waliyopewa kitu kisicho dawa.

Waume wengi wangefurahi tungekomea hapo. Lakini katika mwaka 2019 wataalamu wengine walitangaza kuwa wamewajaribu wanaume 643, baadhi yao wakipewa homoni ile na wengine wasipewe. Katika kuyasoma macho, haikuonekana tofauti baina yao. Basi jaribio la watu 16 halitoshi kuwa hoja ya mtu kutomjali mkewe.

Nasi hatujitoi katika lawama hii. Tulipata kuwa na mwanafunzi wa miaka 14 ambaye kila tulipomwita asome aliinamisha kichwa asijibu. Tulisema, "Huu ni ukaidi wa kubaleghe," tukamwadhibu. Siku ya tatu jirani yao alitujia na habari kwamba mama yake yu mahututi, na mtoto huyo hukesha akimwuguza. Tulimwomba radhi mbele ya wenziwe, lakini fimbo ikishapiga hairudi nyuma. Tuliilaumu damu ya mtoto, na kumbe kosa lilikuwa letu: macho yake yalikuwa mbele yetu siku zote tatu, wala hatukuyatazama.

Homoni zina kazi zake mwilini, na wataalamu wangali wakizichungua. Ila hapana homoni imzuiayo mtu kuuliza, "Una nini, mwanangu?" Enyi baba na waalimu wenzetu, na tuulize kwanza kabla ya kuhukumu. Nanyi vijana, mama akinyamaza jikoni, msingoje mpaka alie.