HILA YA MTU WA TATU

Ndugu zetu wasomaji, limezuka neno vinywani mwa baadhi ya wafanya biashara, nalo ni hili: "Mimi sikumuuzia aliyewekewa vikwazo. Nimemuuzia jirani, na jirani ndiye aliyemuuzia." Wenyewe huliona ni hoja. Sisi twasema ni hila, na hila haikisafishi kitu. Kisa cha watu wa Sabato, waliotega nyavu Ijumaa wakatoa samaki Jumapili, chatosha kwa mwenye akili.

Kwanza yapasa tufahamu: vikwazo havikatazi kuuza na kununua bidhaa peke yake. Hukataza pia kutoa huduma, kama kusafisha dhahabu, kuisafirisha, kuikatia bima na kupitisha malipo yake benki. Na kuizungusha huduma hiyo kwa nchi nyingine hakuiondolei katazo. Mwaka 2012 meli za mafuta za Iran zilionekana na bendera ya Tanzania, zimesajiliwa Zanzibar kupitia kwa wakala aliyekuwa Dubai. Kilichotolewa kwetu hakikuwa mafuta, ni bendera tu. Hata hivyo Marekani ililalamika, na Serikali ikafuta usajili wa meli 36.

Sasa itazameni dhahabu. Machi 2007 Umoja wa Mataifa uliwawekea vikwazo wanunuzi wawili wa Kampala, Uganda Commercial Impex na Machanga, kwa dhahabu iliyohusishwa na wenye silaha wa mashariki ya Kongo. Machi 2022 Marekani ikakiwekea kiwanda cha African Gold Refinery cha Entebbe. Machi 2025 Umoja wa Ulaya ukakiwekea Gasabo Gold Refinery cha Kigali. Viwanda hivi haviko Kongo. Vilishikwa kwa kuwa mtu wa tatu.

Basi mchimbaji wa Nyarugusu, wa Rwamgasa au wa Kahama anayempa mlanguzi gramu zake zivushwe mpaka usiku, ajue ziendako. Zitatiwa chungu kimoja na za Kongo. Na dhahabu ikishayeyushwa, haijulikani tena ipi ya jasho na ipi ya damu. Siku mnunuzi yule atakapoingia orodhani, benki zitamkimbia, na mlanguzi hatarudi Geita kulipa deni. Hasara itamkalia aliyeshika sururu.

Huenda mtu akasema: "Vikwazo ni silaha ya wakubwa, nao huchagua wa kumpiga." Neno hili lina ukweli ndani yake. Lakini vikwazo vya Burundi tuliviweka sisi wenyewe na jirani zetu, Julai 1996, baada ya Buyoya kutwaa serikali, na havikusimamishwa mpaka Januari 1999. Ni nani aliyefaidi kwa njia za kando? Mafuta yaliingia kwa magendo, mwenye nguvu akatajirika, na maskini akanunua kwa bei ya magendo. Mtu wa tatu hakumwokoa mnyonge, alimla.

Mwingine atasema: "Kodi ndizo zilizotufukuza." Jawabu yake ni kuwa mwaka 2019 mchimbaji mdogo aliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na ile ya zuio ya asilimia 5, na Machi mwaka huo huo soko la madini likafunguliwa Geita. Mrabaha umebaki, kweli. Lakini anayeuza pale huondoka na karatasi yenye jina lake, uzito wa mali yake na bei aliyolipwa. Mlanguzi humwachia nini?

Nanyi wa pwani msidhani maneno haya ni ya Wasukuma na mashimo yao. Bangili mnazowavisha binti zenu siku ya harusi zimetoka ardhini mahali fulani. Mwulizeni sonara: dhahabu hii imepita mikono ya nani? Akisema hajui, naye ni mtu wa tatu. Na ninyi mkinyamaza mkanunua, mmekuwa wa nne.

Wabillahi taufiki.