MTOTO MAPAJANI, SITI YA MBELE



Yametufikia maneno mengi juu ya dereva wa pikapu ya chama. Siku ya mnada alikataa kumpakia mbele mama mmoja aliyekuwa na mtoto mdogo mapajani, akamwambia apande nyuma kwenye bodi, juu ya magunia. Watu wakachukia. Wengine walifika mpaka hapa ghalani kudai afukuzwe kazi, ati hana adabu kwa akina mama. Sisi wa gazeti hili la ukutani tumeona tuseme, maana jambo lenyewe linatuhusu wote, na sisi waandishi tumo katika kosa.

Tangu pikapu ile inunuliwe desturi yetu imekuwa moja: mama mwenye mtoto apishwe siti ya mbele. Tuliiita heshima, na kweli nia ilikuwa njema. Lakini tumekuwa tukimheshimu mama na kumweka mtoto mahali pabaya kuliko pote ndani ya kabini.

Tuchukue hesabu ya mizani yetu wenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 10 hivi. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga mti na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto huvutwa mbele kwa nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake. Yaani kilo 200, magunia mawili ya mahindi. Nani kati yetu anaweza kuyadaka magunia mawili yaliyorushwa? Hata wapakiaji wetu, pamoja na majigambo yao yote, hawawezi. Mikono ya mama itaachia tu, apende asipende, na kilichoko mbele ni dashibodi na kioo.

Mtasema barabara yetu ni ya vumbi na mashimo, gari haliendi mbio. Haya. Kugonga kwa mwendo wa kilomita 30 ni sawa na kuanguka toka mita tatu na nusu, juu ya paa la ghala hili. Kwa kilomita 50 ni mita 10.

Wapo wanaozungusha mkanda mmoja wakajifunga mama na mtoto pamoja. Jamani, msifanye hivyo! Gari likisimama ghafla mwili mzima wa mama humbana mtoto kwenye mkanda. Na mbeleko nayo ni ya kutembelea kwa miguu, haizuii kitu ndani ya gari.

Liko na hili ambalo wengi hatukulijua. Magari madogo yanayotuchukua toka stendi, yale ya mitumba ya Japani, mengi yana mfuko wa hewa uliofichwa ndani ya dashibodi mbele ya abiria. Mafundi huuita eabegi. Gari likigonga, mfuko hufumuka upesi kuliko kupepesa jicho, ili umkinge mtu mzima aliyefunga mkanda. Kwa mtoto aliye karibu nao, hasa mchanga aliyewekwa kwenye kiti chake akiangalia nyuma, kipigo hicho kinaweza kuua. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, watoto waliuawa na mifuko hiyo katika ajali ndogo ambazo watu wazima walishuka salama. Ndiyo sababu wazazi wa huko wanahimizwa kuwaketisha watoto nyuma mpaka watimize miaka 13. Tazameni kile kibao cha kuzuia jua upande wa abiria. Mara nyingi ipo picha ya mtoto iliyopigwa mstari mwekundu. Maandishi yaweza kuwa ya Kijapani, lakini picha inaeleweka. Basi kwenye teksi mtoto akae nyuma, hata kama dereva anang'ang'ania kwamba mbele pana nafasi.

Sasa pikapu yetu haina nyuma ila bodi. Tumemwomba fundi aitazame. Amesema mfuko uko upande wa dereva tu, upande wa abiria hakuna. Kwa hiyo mtoto anaweza kukaa mbele, lakini kwenye kiti chake mwenyewe, kilichofungwa barabara kwa mkanda. Kikae upande wa mlangoni, maana pale katikati mkanda wetu ni wa kiunoni tu. Mama ndiye akae katikati. Mtoto mchanga aangalie nyuma. Aliyekua kidogo aangalie mbele. Na mkubwa ambaye mkanda unamkata shingoni na kumkaa tumboni, aketi juu ya kikalio cha kumwinua mpaka afikie kimo cha karibu mita moja na nusu, maana mkanda uliokaa tumboni huweza kuchana matumbo.

Juu ya dereva, sisi tunasema hivi: alikuwa na haki kukataa mtoto mapajani. Alikosa kumpandisha mama kwenye bodi, ambako hakuna mkanda wala ukuta, na gari likipinduka magunia yanawafuata. Angemwambia asubiri basi. Lakini afukuzwe kwa hilo? Hapana. Nani alimwelekeza? Kamati haikumpa amri yoyote, wala sisi hatukuandika neno mpaka leo.

Mgonjwa wa usiku hasubiri kiti, hilo tunalijua. Mtoto akizidiwa apelekwe. Mama afunge mkanda peke yake, amshike mtoto nje ya mkanda, na dereva aende polepole kweli kweli. Si salama, ni afadhali tu kuliko kubaki nyumbani.

Tumeiomba kamati iweke katika ajenda ya mkutano mkuu ununuzi wa kiti kimoja cha mtoto na kikalio kimoja, kwa fedha ya matengenezo ya gari. Wapo watakaosema fedha hiyo ni ya matairi. Waje waseme mkutanoni, tutajibizana. Kiti cha mtumba kisinunuliwe kama historia yake haijulikani, kwa kuwa kilichokwisha kupata ajali chaweza kuwa kimevunjika ndani bila kuonekana.

Mwanachama mwenye kiti cha namna hiyo nyumbani, ambacho mtoto wake amekwisha kukipita, akilete ghalani siku ya kupima mazao, fundi atakuwapo akitazame.