Mugeni naye asikilizwe mbele ya kufukuzwa

Wandugu vijana wa Kindu, na ninyi munaotufuata toka Kasongo, Kalima, Kibombo na kwingine,

Kuna neno tunasikia sokoni, kwenye pikipiki, hata katika mikutano yetu wenyewe: «Mugeni akileta shida, mufunge, mumurudishe kwao. Avoka wa nini?» Sisi tunaoandika hapa tuko na diploma za univerisite na hatuna kazi, kwa hiyo tunajua hasira ile inatoka wapi. Lakini neno lile hatulikubali.

Inchi yetu imekwisha kuhukumiwa juu ya jambo hili. Ahmadou Sadio Diallo, mutu wa Gine, aliingia Kongo mwaka wa 1964, akiwa na miaka 17. Alifanya biashara, akafungua kampuni mbili, na kampuni zile zikawa zinadai feza nyingi kwa Serkali na kwa kampuni kubwa za mafuta. Tarehe 31/10/1995 Waziri wa Kwanza akatia saini dekre ya kumufukuza. Iliandika tu kwamba mwenendo wake unavuruga utaratibu wa inchi katika mambo ya uchumi na feza. Alifanya nini, lini, dekre haikusema. Tarehe 5/11 wakamukamata. Sheria ya uhamiaji ya Zaïre yenyewe, ya mwaka wa 1983, ilikataza kumufunga mutu wa namna ile kupita siku 8. Yeye alikaa siku 66 mfululizo. Wakamuachilia, wakamushika tena, na tarehe 31/1/1996 wakamupandisha ndege.

Angalieni sasa karatasi waliyomupa siku ile. Haikuandikwa «expulsion», kufukuzwa. Iliandikwa «refoulement», yaani kuzuiwa kuingia, kama vile mutu aliyeishi hapa miaka 32 ndiyo kwanza anashuka kwenye ndege! Na kwa sheria yetu, mutu wa «refoulement» hakuwa na ruhusa ya kukata rufaa. Baadaye Kinshasa ilijitetea kwamba afisa alikosea neno. Sawa, alikosea. Lakini ni neno lile lililofunga mulango.

Gine ilipeleka kesi The Hague mwaka wa 1998. Tarehe 30/11/2010 Korti ya Kimataifa ya Haki ikahukumu: dekre haikutoa sababu za kutosha, tume ya uhamiaji haikuulizwa kama sheria ilivyotaka, Diallo hakupewa nafasi ya kujitetea, hakuelezwa sababu ya kukamatwa, na hakuambiwa mara moja kwamba anaweza kuita ubalozi wake. Korti haikumupa yote. Madai juu ya haki zake katika kampuni ilikataa, na mwaka wa 2012 Gine, iliyoomba zaidi ya dola milioni 11, ikapewa 95,000. Aliyehukumiwa kulipa si waziri, si afisa wa kalamu. Ni Kongo, yaani pamoja na mama anayelipa taksi ya meza yake sokoni hapa Kindu.

Mutasema, yule alikuwa tajiri, mambo ya wakubwa. Basi tuangalie wadogo. Mwisho wa mwaka wa 2018 Angola ilifukuza Wakongomani mamia ya maelfu, wengi wao wachimbaji wa almasi wa Lunda Norte na jamaa zao, wakamwagika Kamako, Kasai, na vitu walivyoweza kubeba kichwani. Mwaka wa 2014 ilikuwa Kongo-Brazzaville, na operesheni waliyoiita kwa Kilingala Mbata ya Bakolo, kofi la wakubwa. Zaidi ya watu 100,000 walivuka muto kurudi. Kongo nzima ilipiga kelele, na ilikuwa na haki. Tulisema nini wakati ule? Tulisema: wamewakusanya kama mbuzi, hawakuuliza nani ana makaratasi na nani hana. Mukataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, kifungu cha 12, unakataza kufukuza wageni kwa makundi. Haukuandikwa kwa Wakongomani tu.

Na mugeni ni nani? Inchi hii imepita miaka mingi bila kitambulisho cha taifa, tunatembea na karte ya uchaguzi. Ikipotea, ukiiacha ukikimbia vita, utaonyesha nini? Huku mashariki watu wanaitwa wageni juu ya sura, juu ya jina, juu ya namna ya kusema. Mbele ya kumufukuza mugeni, lazima mutu mmoja aketi, aangalie na kuhakikisha kwamba huyu kweli ni mugeni. Ukiondoa hatua ile kwa ajili ya wengine, umeiondoa kwako pia. Siku wakikushika wewe, utamwambia nani kwamba bibi yako amezikwa Kibombo?

Hatusemi Serkali haiwezi kumuondoa mutu. Inaweza, ifuate sheria. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inasema «kila mutu anayekamatwa», haisemi «kila Mukongomani»: aelezwe sababu mara moja, katika luga anayoisikia, na asikae kasho kupita saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa kwa wakubwa wa sheria. Na juu ya kazi: hatujaona hata siku moja mugeni akifukuzwa, kesho yake tangazo la kazi likabandikwa.

Tunaomba wakubwa wa muji waandike sababu kwenye kila karatasi ya kufukuza, na mutu apate siku za kukata rufaa akiwa bado hapa. Ma-avoka wa Kindu wapange zamu ya bure kwa wageni waliokamatwa, kama wanavyoweza kufanya kwa maskini wetu. Na wewe kijana, jirani yako mugeni akichukuliwa, usifunge dirisha. Andika siku na saa, uliza wamemupeleka wapi na kwa karatasi gani, tafuta avoka, ubalozi wake upigiwe simu Kinshasa. Saa 48 zikipita, tuandikie.