Unaijua Accra kwa simu, Kitui huijui hata kwa ramani

Wacha nikupe mtihani mdogo, na usikimbilie Google. Ghana kuna nini cha kuona?

Najua utajibu haraka. Utataja Accra na sherehe zake za Desemba. Utataja ngome ya Elmina iliyojengwa na Wareno mwaka wa 1482, na ile ya Cape Coast, ambako watu wetu walifungiwa gizani kabla ya kupakiwa melini kama mizigo. Kama wewe ni wa kushinda mtandaoni, utaongeza na daraja la kamba linaloning'inia juu ya miti katika msitu wa Kakum. Halafu utamalizia na wali wa jollof na ule ugomvi wao na Wanigeria kuhusu nani anaupika vizuri.

Sawa, umepita. Swali la pili: Kitui kuna nini cha kuona? Na Makueni je?

Kimya. Ama utaniambia kamuti. Ama utaniambia njaa, kwa sababu kila mara televisheni inapotaja huku kwetu inaonyesha punda na mitungi ya maji. Basi ndiyo hapo tulipofika: kijana wa Umoja au Kahawa West anaijua Afrika Magharibi kuliko anavyozijua kaunti mbili ambazo ziko mwendo wa saa chache kutoka kitandani kwake.

Mimi siwalaumu Waghana. Wao walifanya kazi. Waliutangaza mwaka wa 2019 kuwa Mwaka wa Kurejea, wakikumbuka miaka 400 tangu Waafrika wafikishwe Virginia, Marekani, mwaka wa 1619, wakawaambia watu weusi wa dunia nzima: rudini nyumbani mtembee. Angalia vizuri walichofanya. Hawakujenga ngome mpya. Ngome zilikuwa pale pale tangu zamani. Walichofanya ni kusimulia kilichotokea ndani yake mpaka mtu akiwa Atlanta akasikia anaitwa kwa jina.

Sisi hatujasimulia. Na kabla hujaniambia hatuna cha kusimulia, hebu nianze na kitu kidogo tu: jina la nchi yako.

Mnamo Desemba 3, 1849, mmishonari Mjerumani aitwaye Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui. Alikuja huku kwa uhusiano wake na Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba aliyekuwa akipeleka misafara ya pembe za ndovu hadi Pwani. Siku hiyo, kutoka vilima vya Kitui, Krapf aliuona mlima wenye theluji mbali kule kaskazini magharibi. Wakamba waliuita Kiinyaa, na maelezo yanayotolewa sana ni kwamba weusi na weupe wake uliwakumbusha manyoya ya mbuni dume. Krapf aliandika alivyosikia, na kutoka hapo tukapata Kenya. Ulaya walimcheka, eti theluji itakaaje karibu na ikweta? Kivoi naye aliuawa mwaka wa 1851 katika safari nyingine aliyokuwa pamoja na Krapf kuelekea mto Tana.

Soma tena hiyo aya. Jina lililo kwenye pasipoti yako lilitoka kinywani mwa watu wa Ukambani. Na Krapf huyo huyo ndiye aliyetunga kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka wa 1882, baada ya kifo chake. Ingekuwa ni Ghana, pale kilimani pangekuwa na jumba la makumbusho, mgahawa, na vijana wanne wenye fulana za rangi moja wakikusimulia. Mwenzangu, umewahi kusikia mtu akikuambia, "Wikendi hii twende tukaone mahali jina la Kenya lilitoka"?

Haya, tuendelee. Kilomita chache kutoka mji wa Kitui kuna mwamba wa Nzambani. Ni jiwe moja kubwa limesimama peke yake, na lina ngazi za chuma za kukupeleka juu. Wazee husimulia kuhusu msichana aliyenaswa na jiwe likakua naye mpaka likawa mwamba. Na kuna ile ambayo kila mtu wa Kitui ameisikia, kwamba ukiuzunguka mara saba, mwanamume anageuka mwanamke na mwanamke anageuka mwanamume. Usicheke. Watu wanalipa pesa nyingi kwenda Uskoti kutafuta mnyama wa ziwa la Loch Ness ambaye hakuna aliyewahi kumpiga picha ya maana. Hadithi ni mali. Yetu tumeigeuza kuwa mzaha wa kutania Wakamba.

Ukisonga kaskazini kuna hifadhi ya Mwingi, upande wa mto Tana. Jirani yake ni Kora, ambako George Adamson aliishi na simba wake mpaka akauawa na majambazi mwaka wa 1989. Ile video ya simba anayewakumbatia vijana wawili wenye nywele ndefu, ambayo umeitazama mara kumi ukalia? Huyo simba aliitwa Christian. Alinunuliwa katika duka la Harrods, London, akaletwa Kora. Machozi yako yalikuwa ya kitu kilichotokea hapa hapa nyumbani, na wewe ulidhani ni filamu ya Wazungu.

Sasa Makueni. Hii nayo inaniuma zaidi, kwa sababu umeshapita ndani yake ukiwa umelala. Kila ukienda Mombasa kwa barabara, kuanzia sehemu za Salama mpaka Mtito Andei, zaidi ya kilomita 100, uko karibu wakati wote Makueni au mpakani mwake. Wewe unaamka tu mahali basi linaposimama, unanunua soda, unarudi kulala.

Ungefungua macho, ungejua kwamba Sultan Hamud si jina lililookotwa. Ni jina la Sultani wa Zanzibar, Hamoud bin Mohammed, aliyekuja kuona ujenzi wa reli ilipofika hapo mwisho wa karne ya 19. Ukifika Makindu ungeona hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926, kumbukumbu ya watu walioletwa kutoka India kujenga reli hiyo. Pale msafiri yeyote, wa dini yoyote, hupewa chakula bila kulipa. Unaosha mikono, unafunika kichwa, unakaa, unakula dengu na chapati. Wangapi kati yenu mmepita hapo mkienda kununua soda?

Mbele kidogo ni Kibwezi. Hapo kuna msitu wenye chemchemi za Umani, na ndani yake shirika la Sheldrick hulea ndovu yatima mpaka waweze kurudi porini. Upande wa kulia, ukielekea Mombasa, ni milima ya Chyulu, iliyotokana na volkano na ambayo sehemu yake ni mbuga ya taifa tangu 1983. Chini yake kuna pango la Leviathan lililochimbwa na lava, moja kati ya mapango marefu zaidi ya aina hiyo duniani. Na mvua inayonyesha juu ya Chyulu hupenya ndani ya mawe, ikatokea kwenye chemchemi za Mzima, na kutoka Mzima bomba linapeleka maji Mombasa. Kwa hivyo ile glasi unayokunywa hotelini Mombasa, huenda imepitia huku kwanza. Sijafika hata kwa kilima cha Nzaui, ambako masimulizi ya Wakamba yanasema Mungu alimteremsha mwanadamu wa kwanza akaacha nyayo juu ya jiwe. Kila kabila lina Edeni yake. Yetu iko karibu na barabara.

Sasa utaniuliza, "Kwani hasara iko wapi? Nisipokuja si maisha yanaendelea?" Yanaendelea, ndiyo. Lakini hebu tuangalie jinsi yanavyoendelea.

Nairobi inatujua vizuri sana, ila kwa njia nyingine. Ndengu unazokula na chapati kibandani, nyingi zimetoka Kitui. Embe unalonyonya limetoka Makueni. Na zile kuta za bedsita yako, kuna uwezekano mkubwa zina mchanga wa mito yetu. Malori hubeba usiku. Kwa mtu wa mjini mto usio na maji ni shimo la mchanga tu. Kwetu ule mchanga ndio tangi. Mvua ikinyesha, maji huingia ndani yake na kukaa humo miezi kadhaa baada ya juu kukauka, na akina mama wanachimba kisima kidogo na kuteka. Ndiyo maana Ukambani watu wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga: unaweka ukuta wa mawe na saruji kukata mto, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanajificha humo mbali na jua. Watu hutoka nchi nyingine kuja kujifunza mbinu hiyo. Ukichukua mchanga, umechukua maji.

Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka wa 2015. Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti mwaka wa 2018. Sheria ni nzuri, lakini sheria peke yake haishindi njaa. Kijana wa rika langu akiwa hana kazi, na lori likija usiku na pesa taslimu, atashika sepetu. Simtetei, nakueleza tu hesabu anayoipiga. Lori linamlipa leo. Mto ukiwa mzima haumlipi kitu.

Hapo ndipo wewe unaingia. Ukija na wenzako watano, mkalala usiku mmoja, mkala muthokoi, mkamlipa kijana awapeleke Nzambani au awaonyeshe bwawa la mchanga na kuwaeleza linavyofanya kazi, mto mzima umeanza kumlipa. Si pesa za kununua gari, ni pesa za kumfanya afikiri mara mbili lori likipiga honi. Na kazi hiyo haihitaji digrii. Mimi mwenyewe sikumaliza chuo, kwa hivyo najua milango mingapi hufungwa mtu akikosa lile karatasi. Kuongoza wageni ni mlango unaofunguka kwa kujua kwenu na kujua kuongea. Vijana wa huku wana vyote viwili.

Nakusikia ukisema: "Lakini ni mbali, hakuna mabango, barabara ni vumbi, na hoteli hazipo kwenye apu." Kuhusu umbali, hapana. Kitui utapanda matatu asubuhi Nairobi na mchana uko mjini. Makueni, ile treni ya SGR inayosimama njiani hushusha watu Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Kuhusu mabango na vyoo una haki, na hilo nalielekeza kwa serikali zetu za kaunti. Acheni kutumia pesa za utalii kwa mahema na warsha. Wekeni bango, choo safi, bei iliyoandikwa ukutani, na fundisheni vijana 20 kila eneo kusimulia historia bila kubahatisha. Ghana haikuanza na hoteli ya nyota tano.

Wengine wataniambia wageni wataharibu. Watachora majina kwenye mawe, wataacha chupa, watapiga muziki mpaka ndovu wakimbie. Hoja hiyo naiheshimu, maana kuna watu wakiona jiwe safi wanaona ubao wa kuandika "Kevo na Shiro milele". Lakini mahali pasipo na mgeni pia panaharibiwa, tena bila mtu wa kushuhudia. Heri mgeni mwenye kelele na kijana wa kumkemea kuliko kimya na sepetu.

Kwa hivyo usiniambie utaanza kutembea Afrika siku ukipata visa na tikiti ya ndege. Accra nenda ukipata, na unisalimie. Ila kabla ya hapo chukua wikendi moja. Mkiwa sita, changeni mafuta. Kama uko peke yako, panda matatu ya Kitui Jumamosi alfajiri. Beba maji, kofia na viatu vya kupanda. Pata mwenyeji, mlipe vizuri, usimpunguzie bei kama unayenunua nyanya. Ukifika juu ya Nzambani, piga picha zako zote. Lakini ukiposti, andika jina la mahali, na andika hadithi yake kwa Kiswahili, ili kijana wa Kakamega au Lamu akiuliza ni wapi, ajue ni kwao pia.

Na ukitaka kuuzunguka mwamba mara saba, shauri yako. Mimi nitakungojea chini na maembe.