Haki ya mnyonge isiachiwe bahati



Kabla Mtume (s.a.w.) hajapewa utume, mfanyabiashara mmoja kutoka Zabid, Yemen, alimuuzia bidhaa Al-As bin Wail mjini Makka, naye akakataa kumlipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumtetea. Ndipo wakuu wa baadhi ya koo za Kikureshi walipokutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an wakaapa kusimama pamoja na kila atakayedhulumiwa Makka hadi apate haki yake. Hilo ndilo agano la Hilful-Fudhul. Mtume (s.a.w.) alilihudhuria akiwa kijana, na akaendelea kulisifu hata baada ya kupewa utume.

Lililo muhimu ni kwamba watu wale hawakuridhika kumsaidia mgeni mmoja, bali waliweka utaratibu kwa ajili ya wengine watakaokuja. Tunalikumbuka agano lile tunapotazama kamati za msaada wa kisheria katika vyama vya mawakili.

Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS) kiliundwa kwa sheria mwaka 1954, na miongoni mwa malengo yake ni kuulinda na kuusaidia umma katika mambo ya sheria. Wakili mwenye huruma anaweza kumsaidia jirani yake. Je, asiyekuwa na wakili jirani afanyeje? Hapo ndipo kamati inapohitajika. Kazi yake ni kupokea maombi, kupima kama kweli mwombaji hana uwezo na shauri lake lina msingi, kumkabidhi kwa wakili wa kujitolea, kisha kufuatilia ili jalada lisisahauliwe. Kwa njia hiyo hisani huwa wajibu wenye mpango.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliupa mpango huu nguvu huku Bara. Iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huelimisha na kuelekeza, ila hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani wala kumtoza ada. Hali kadhalika, jaji au hakimu akiona mshitakiwa hana uwezo na haki inadai awe na wakili, anaweza kuagiza apatiwe. Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 2018. Mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na mahakama za Tanzania.

Pamoja na hayo, pengo lipo. Mawakili wengi wako mijini, na kazi ya kujitolea hushindana na kazi ya kulipwa. Mathalan, mirathi nyingi za Waislamu huku Bara hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Mume hufariki, shemeji akaomba usimamizi, tangazo likabandikwa, mjane, aliye ndani ya eda, asijue kuwa ana nafasi ya kuweka pingamizi. Thumuni yake imekwisha kuwekwa na Mola wake, lakini hakuna aliyemwonyesha mlango wa kuidai. Anapompata wakili, nyumba imekwisha kuuzwa. Msaada unaofika wakati huo unakaribia kuwa rambirambi.

Kwa hiyo tunaona kwamba kamati hizi zisipimwe kwa wingi wa kesi zilizofika mahakamani tu, bali pia kwa jinsi zinavyomfikia mhitaji mapema. Msaidizi wa kisheria aliyefunzwa vyema na kuunganishwa na wakili wa mkoani anaweza kuokoa nyumba kwa barua moja iliyoandikwa kwa wakati. Vyama vya mawakili havina budi kuwekeza nguvu zaidi hapo.

Nasi tuna wajibu. Familia zitunze cheti cha ndoa, cheti cha kifo na hati za mali mahali panapojulikana na mke na watoto. Mwenye shida aulize mapema katika ofisi ya kata au kwenye Mahakama ya Mwanzo ni nani anayetoa msaada wa kisheria, na akumbuke kuwa hautozwi fedha. Kamati za misikiti ziwaalike wasaidizi hao wazungumze na akina mama na akina baba. Na mawakili Waislamu wajiandikishe kujitolea, kwani elimu nayo ina sadaka yake.

Mgeni wa Zabid alipata haki yake kwa kuwa watu walikubaliana kabla hajaja mwingine kama yeye. Tusimngoje mjane afike mlangoni akilia ndipo tuanze kuulizana nani amfahamu wakili.

Wabillahi tawfiq.