Gogo la Mwembe Lisichomwe

Mwembe mkubwa ulioanguka nyuma ya bustani wakati wa mvua za Aprili ungali umelala pale pale. Sasa nasikia shauri limekatwa: gogo lipasuliwe, lichomwe moto, na mahali pake pafagiliwe kabla ya siku ya wanafunzi wa zamani kututembelea. Mimi sikubaliani na shauri hilo, na kwa heshima zote napenda kutoa sababu zangu.

Wanaotaka lichomwe wasema ni takataka. Lakini yeyote aliyechungulia ndani yake, maana lilikuwa na uwazi katikati tangu mti uliposimama, ajua kwamba si tupu. Jongoo wamo, mijusi wamo, uyoga umeota ubavuni, na chini ya gome mabuu ya mende yanatafuna pole pole. Kigong'ota huja asubuhi kugonga. Hagongi kwa mchezo, anatafuta mabuu hayo. Uyoga na mchwa ndio wanaourudisha mti udongoni, na udongo huo ndio unaolisha mboga zetu. Tukilichoma tutapata majivu ya ndoo chache, nayo mvua itayachukua.

Tena jambo hili si la kigeni, kama mwenzangu mmoja alivyonidhihaki bwenini. Mzinga wa nyuki ni nini ila gogo lililotobolewa ndani? Wazee waliwaona nyuki wakikaa katika matundu ya miti, wakachonga gogo kwa mfano huo, wakalitundika juu, nao nyuki wakaja.

Hoja ya nyoka ni ya kweli, wala siidharau. Nyoka hupenda mahali pa giza penye panya na vyura. Kwa hiyo gogo lisikae hapa lilipo, hatua chache tu kutoka njia ya bwenini. Tuliviringishe mpaka ng'ambo ya uwanja wa mpira, majani yafyekwe kando yake, na mtu asitie mkono ndani. Huko hata nyuki wakihamia hawatamsumbua mtu darasani.

Mbu wanitia wasiwasi zaidi, ijapokuwa katika mabishano yetu hakuna aliyewataja. Msitu wa Zika, ulio karibu na Entebbe, umejulikana duniani kote kwa sababu ya virusi vilivyopatikana huko katika kima mwaka 1947, na mwaka 1948 katika mbu aitwaye Aedes africanus. Mbu huyo huzaliana katika maji yaliyotuama ndani ya matundu ya miti. Basi gogo letu lilazwe kwa namna ambayo maji hayawezi kukaa ndani, na kila shimo lishikalo maji litobolewe chini au lijazwe mchanga. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja kwa vijana wanne.

Wala sisemi kila kilichoanguka kiachwe. Mashina ya migomba hapana budi yakatwekatwe na kutandazwa yakauke, kwani fukusi wa migomba huzaliana humo, na mkulima wa Uganda ajua hasara yake. Mwembe si mgomba.

Wapishi nao wana haki yao. Matawi yote yamekwisha kauka, na kuni zake zatosha jiko kwa siku nyingi, wayachukue. Ninaloomba mimi ni lile shina tu, ambalo hata fundi seremala alilitazama akatikisa kichwa kwa jinsi lilivyooza katikati.

Kaka zetu mliotutangulia, mliokula maembe ya mti huu, mkija mtapenda kuonyeshwa nini: mahali palipofagiliwa, au mwembe wenu wenyewe na wakazi wake wapya? Msumeno umekwisha azimwa na kazi imepangwa kufanywa Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu hiyo. Naiomba kamati ya bustani ituite na kutusikiliza kabla ya siku hiyo kufika.