Jibu la kipimo cha VVU likivuka mpaka

Mfanyabiashara wa Kikuubo huhesabu fedha mara mbili kabla ya kupakia mzigo wa Busia. Kwa kipimo cha VVU pia kurudia kuna maana, lakini si kila kurudia.

Tuseme kipimo cha haraka hukosea mtu 1 tu katika kila 100 wasio na virusi. Nchini Uganda, watu wazima wapatao 5 katika 100 wana VVU. Pima watu 1,000: wenye virusi ni 50, na kati ya 950 waliobaki, 9 au 10 wataonekana wanavyo. Yaani karibu mmoja katika kila sita waliokutwa "chanya" amesingiziwa. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi kumwambia mtu anavyo. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri vipimo vitatu mfululizo, vya aina tofauti. Utafiti wa Rakai uliochapishwa 2007 ulionyesha kuwa makosa mengi yalitokana na mstari hafifu, ambao msomaji mwenye haraka huuhesabu kuwa mstari kamili.

Kosa la upande wa pili linatisha zaidi. Vipimo hivi hutafuta kingamwili. Aliyeambukizwa wiki mbili zilizopita anaweza kukutwa hana. Na anayemeza ARV, hasa aliyeanza mapema, anaweza kupima kwa siri ng'ambo ya Malaba asione mstari. Hajapona, akiacha dawa, virusi vitarudi.

Kwa anayetumia dawa, kipimo chake ni cha wingi wa virusi. Hapo nako kuna mtego: 400 ya Kampala na 900 ya Kisumu huenda ni tofauti ya mashine tu, kwani pengo lisilofika mara tatu halihesabiwi kuwa badiliko la kweli. Damu iliyokaushwa kwenye karatasi nayo haitoi hesabu kamili kama ya majimaji ya damu.

Mwaka 2020, foleni za malori mpakani ziliisukuma Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzisha mfumo wa kielektroniki wa kupashana majibu ya Korona ya madereva. Kwa VVU njia hiyo haifai kunakiliwa ilivyo, maana afisa wa forodha hana haki ya kuona jibu hilo. Kinachohitajika ni kliniki kwa kliniki, kwa ridhaa ya mgonjwa. Kwa sasa, omba karatasi yenye tarehe, jina la maabara na aina ya sampuli, uiweke pamoja na pasi yako.